Mstari wa Njano

Kwetu hatujui kumtazama mgonjwa kwa zamu. Akilazwa mmoja, tunahamia wote. Siku Mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, kabla gari la wagonjwa halijafika sebule ilikuwa imeshajaa: majirani wa juu, majirani wa chini, hata muuza mitumba wa kona, ambaye na Mama hawajawahi kupeana zaidi ya salamu, lakini alisikia kelele akaona asikose. Mimi ndiye niliyewapigia simu wote hao. Nyumbani wananiita Redio, na sijawahi kulikana hilo jina.

Watoto tuko watatu. Dada ndiye mkubwa, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache anayekemea kwa jicho tu. Anayemfuata ni Kaka, dereva wa lori, mnene, mcheshi, mtu anayeweza kusinzia hata akiwa anatafuna. Mimi ni kitinda mimba, nasuka nywele saluni, kazi ambayo mikono inafanya yake na mdomo unafanya yake.

Baada ya upasuaji Mama alilazwa chumba cha vitanda viwili, mwisho wa korido, dirisha likitazama ukuta wa stoo ya mitungi ya hewa. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwepo bibi mmoja mwembamba kama fimbo, amefungwa bandeji macho yote mawili. Hakuwa na mgeni hata mmoja. Nilipomsalimia akanijibu, "Marahaba. Wewe ndiye yule mwenye sauti," nami nikachukulia kwamba amenisifu.

Mama alikuwa kabandikwa vibandiko vitano kifuani, na nyaya zake zilikwenda kwenye skrini iliyotundikwa ukutani juu ya kichwa. Juu ulipita mstari wa kijani, unaruka-ruka, huo ni wa moyo, hata mimi niliujua. Chini yake ulipita mwingine wa njano, wa mawimbi, mvivu. Mtaalamu wa vipimo alikuja kuukagua, mtu mzima, mrefu, miwani yake imefungwa plasta upande mmoja. Kabla hajatoka nilishampa jina: Bwana Mistari.

"Bwana Mistari, huu wa njano ni wa nini?"

Akanitazama kidogo, kisha akalikubali jina. "Pumzi."

"Pumzi? Mbona sioni kitu puani?"

"Tulimwekea kitu puani, akakivua mara tatu. Mara ya nne akamkwaruza nesi. Mama yenu ana kucha." Kaka akacheka kwa fahari. "Kwa hiyo pumzi tunaitoa kwenye moyo. Akivuta hewa, kifua kinapanda, moyo nao unasogea kidogo humo ndani. Ukisogea, hivi vilele vya kijani vinabadilika urefu. Kimoja kirefu, kingine kifupi. Mashine inapima tofauti hiyo, inachora wimbi. Wimbi moja, pumzi moja."

"Kumbe umbea!" nikasema. "Hamjaiona pumzi yenyewe. Mmeambiwa na moyo."

"Ni umbea," akakubali, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ila wa kuaminika."

Pale pembeni palikuwa na namba ya njano: nane. Sista wa zamu, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa kukimbia bila kukimbia, alituambia nane kwa dakika ni kidogo, wangependa kumi na mbili na kuendelea. Ile dawa ya maumivu iliyokuwa ikiingia mkononi kwa pampu ni kali, inatuliza mwili hadi mwili unasahau kuvuta hewa. Klipu ya kidole, ile ya kupima hewa kwenye damu, nayo haikusaidia, maana vidole vya Mama vilikuwa vya baridi na klipu ilisoma ikitaka, isipotaka inalia tu. "Utazameni huo wa njano," alisema. "Namba ikishuka chini ya nane, niiteni."

Alipotoka nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaweka mkono begani kwa Mama.

Hapa lazima nieleze tabia yetu. Mama alitulea kwa kutusukasuka. Mtoto akilala, mkono wa Mama uko juu yake, unamtikisa polepole, na yeye anaendelea na habari zake na mashoga zake. Tumekua hivyo wote. Mtu wa kwetu hawezi kukaa karibu na aliyelala bila mkono wake kujikuta juu ya mwili wa mwenzake, unasukuma, unaachia, unasukuma, unaachia. Hatujui hata kama tunafanya. Shemeji yangu, mume wa Dada, alisema mwaka wa kwanza wa ndoa alidhani amepanda meli.

Basi nikawa namsukasuka Mama huku nikimsimulia Kaka habari za mpangaji mpya wa nyumba ya mbele, yule anayeanika suti tatu na kazi haijulikani. Nilipofika kwenye suti ya tatu Kaka akanyoosha kidole ukutani.

"Tazama!"

Ile namba ilisoma kumi na nne. Mstari wa njano ulikuwa umeinuka, mawimbi mazuri, yamejaa, yanafuatana kama watoto wa shule.

Tulipiga vigelegele, nakiri. Sista akaja mbio akidhani kuna msiba, akaukuta ule mstari, akasimama, akaweka mikono kiunoni. "Haya," akasema, "mkiwepo anapumua vizuri. Kaeni naye basi. Lakini kelele punguzeni."

Mimi katika maisha yangu sijawahi kuombwa na hospitali nijaze watu. Nilipiga simu hadi betri ikaisha.

Siku hiyo yote kitanda cha Mama hakikukosa mkono. Akitoka mmoja anakaa mwingine. Sista alikuwa akipita mlangoni, anainua macho ukutani, anaandika kumi na nne, anakwenda kwa wagonjwa wake wengine ishirini. Mama hakuwa akisema kitu. Uso wake ulitulia kuliko nilivyowahi kuuona, na mwanamke yule hata usingizini huwa amekunja uso kama anapigana bei. Nikasema moyoni, amepumzika. Jioni sote tukaondoka, akabaki Dada, aliyeruhusiwa kulala naye.

Asubuhi ya pili nilimkuta Dada pale pale kwenye kiti, mkono begani kwa Mama, unasukuma, unaachia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umelala kweli?"

"Nimelala."

"Na mkono?"

"Mkono haulali," akasema, na hakucheka.

Daktari alipita saa tatu. Akasoma karatasi: kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano, kumi na nne, usiku kucha. Akaridhika. Walipomgeuza Mama ubavu ili wabadilishe shuka aliguna kwa maumivu, mguno mmoja wa mbali, kama wa mtu aliye chumba kingine. Daktari akasema kwa kuwa pumzi ni nzuri hivi, hakuna sababu ya kumwacha ateseke. Akaiongeza ile dawa ya pampu.

Nilipokuwa nakusanya shuka chafu, yule bibi wa dirishani akaniita kwa kidole.

"Mjukuu wangu, humu ndani mko wangapi?"

"Watatu, na Mama wa nne, na wewe wa tano."

"Mimi sioni, kwa hiyo kazi yangu ni kusikiliza. Usiku wa kuamkia leo nimemsikia huyo mkubwa wenu akipumua. Nimemsikia mgonjwa wa chumba cha pili, ana kifua. Nimejisikia mwenyewe." Akalamba midomo iliyokauka. "Mama yenu sijamsikia."

"Anapumua taratibu, Bibi. Kwenye mashine imeandikwa."

"Labda," akasema, akageuzia uso dirishani, kama vile kuna alichokuwa akikitazama huko.

Nikamwambia Kaka pembeni kwamba upweke unamtesa bibi wa watu, hana wa kumtembelea, ana kijicho na sisi tuliojaa. Ndivyo nilivyosema.

Mchana tukajaa. Majirani wawili, muuza mitumba, shoga yangu wa saluni aliyekuja na mafuta ya kumpaka Mama miguu. Kaka alikuwa kashika zamu ya bega. Mimi nikatoka kununua maji, na niliporudi, mlango ulikuwa umezibwa na migongo ya watu kiasi kwamba sikuona kitanda wala Mama. Kilichoonekana juu ya vichwa ni skrini peke yake. Nikautazama ule wa njano. Mawimbi yalikuwa makubwa, mapana, halafu yanapungua, yanapungua, yanakuwa kama vikunjo, kisha ghafla moja kubwa.

"Kaka," nikaita kutoka mlangoni, "acha kusinzia!"

Watu wakageuka. Kaka kweli alikuwa kidevu kifuani, mkono begani kwa Mama.

"Umeniona wapi wewe?" akauliza, akijifuta mate.

"Kwenye televisheni. Unajulikana."

Wakaangua kicheko. Nami mtu akinichekea nimekwisha, sijui kuacha. Nikasema nitasimama nimewapa mgongo, nikitazama skrini tu, wao wabadilishane kimya kimya, na mimi nitamtaja aliyeshika. Wakakubali haraka, kila mtu akataka kuwa ndani ya mchezo.

Mawimbi yakaanza upya, ya karibu-karibu, yote urefu mmoja, hayakosei. "Dada! Hiyo ni mishono ya Dada, hiyo." Makofi. Yakaja mengine ya wasiwasi, mawili ya haraka, moja la kuchelewa. "Muuza mitumba, unaogopa kumvunja." Makofi tena. Shoga yangu wa saluni nilimjua kwa vile alivyosimama katikati, nikajua anapandisha kanga yake. Watano, nikawapata wote watano. Watu walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko.

Sauti ya bibi wa dirishani ikatoka nyuma ya pazia lake, kavu.

"Na wa mama yenu mwenyewe? Huo unafananaje?"

 Nilikuwa bado nimewapa mgongo. Mstari wa njano ulikuwa ukipita mbele yangu, mishono ya Dada, mmoja baada ya mwingine. Nikajaribu kukumbuka tangu jana nimeona wimbi gani pale ambalo sikumjua mwenyewe.

Nikageuka. "Dada, hebu nipishe."

Nikakaa, nikaweka mkono begani kwa Mama. Bega lilikuwa la vuguvugu, laini, zito. Sikumtikisa. Nikautazama ukuta. Mstari wa kijani uliendelea kurukaruka, moyo uko kazini. Wa njano ukashuka, ukatulia, ukanyooka kama uzi uliovutwa. Nikasubiri. Uzi ukaendelea.

Nikasukuma bega mara moja. Likachorwa wimbi moja.

Kisha, sijui kwa nini nilifanya hivi, mkono wangu ukabisha hodi. Tatu za haraka, kimya, mbili za polepole, kama tunavyogonga mlango wa nyumbani kila mtu ajue ni wa ndani. Na ule mstari wa njano, mstari wa pumzi ya Mama, ukapita mbele ya watu wote umebisha hodi: tatu za haraka, kimya, mbili za polepole.

Hakuna aliyefungua. Uso wa Mama ulikuwa umetulia vile vile. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na blauzi ya hospitali juu ya kifua chake, niliyoitazama sasa kwa mara ya kwanza tangu jana bila kutazama ukutani, haikuwa ikipanda wala kushuka.

"Hapumui," nikasema. "Ni sisi."

Dada akanisukuma pembeni. Dada, ambaye hajawahi kunigusa kwa ukali tangu utotoni, alinisukuma hadi nikagonga meza ya dawa. Akaweka mkono begani, akaanza. Sukuma, achia. Namba ikarudi kumi na nne.

"Toa mkono, Dada."

"Sitoi."

"Huoni kwamba ni mkono wako ule?"

"Nimejua tangu usiku." Alikuwa anazungumza chini kwa chini, macho yake ukutani. "Usiku nilitoa mkono nijifunike. Mstari ukalala. Nikaurudisha, ukaamka. Nikatoa, ukalala."

"Na hukuita mtu!"

"Niite niseme nini? Kwamba mimi ndiye ninayempumulia?" Akanitazama, na lile jicho lake la kukemea halikuwepo, lilikuwepo jicho la mtu aliyebeba mtungi uliojaa na njia bado ndefu. "Nikiachia anakufa. Atakayenitoa mkono hapa, yeye ndiye kamuua Mama. Haya, njoo unitoe."

Kaka akasimama, akakaa. Hakuna aliyesogea. Nami nikafanya kitu pekee ninachokijua duniani: nikatoka korido nikapiga kelele.

Sista alikuja, na nyuma yake Bwana Mistari. Nilimweleza kwa pumzi moja. Hakunibishia. Aliutazama mkono wa Dada, akautazama mstari, akautazama mkono tena, na nikaona rangi inamtoka usoni.

"Mashine haijui nani amesogeza kifua," akasema taratibu. "Inajua kimesogea. Dada, toa mkono."

"Hapana."

Sista hakumwomba. Alimkamata kifundo cha mkono akauinua juu, kama refa na bondia. Mstari wa njano ukalala. Sote tuliusikia moyo wa Mama kwenye mashine, ti, ti, ti, na chini yake ule uzi mnyoofu ukisafiri kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Sista alikuwa akihesabu kwa midomo. Alipofika kumi na tano hakungoja zaidi. Akazima pampu, akamvuta Mama kidevu juu, akamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi.

"Mama! Mama, vuta pumzi! Vuta!"

Hakuvuta. Akamwekea barakoa yenye mfuko, akaanza kumkamulia hewa, na hapo blauzi ikapanda, jamani, ikapanda. Bwana Mistari alishakimbia, akarudi na sindano ya kuikata ile dawa. Ilipoingia tukasubiri. Wageni walikuwa wamebanana ukutani, shoga yangu bado kashika chupa ya mafuta. Kisha kooni mwa Mama kukatoka sauti ya kukoroma, mbaya, ya mlango wenye kutu, na kifua kikainuka chenyewe.

Tulilia wote kwa pamoja. Mama akafumbua macho. Mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Akalaani mguu, akamlaani daktari, akalaani kelele. Halafu akamtafuta Dada kwa macho, akasema kwa sauti ya kulalamika, kama mtu aliyeamshwa bila sababu:

"Nilikuwa nimepumzika. Si mlikuwa mnanifanyia nyinyi?"



Wageni wakatolewa. Sista akatukalisha sisi watatu mstari mmoja ukutani, mbali na kitanda, akatuambia bila kuzungusha. Ile sindano inaisha upesi kuliko ile dawa iliyomlaza. Baada ya saa moja hivi anaweza kurudi kule kule alikokuwa. Watamchoma tena ikibidi, lakini lazima mtu amtazame kifua. "Kwa macho," akasema. "Mikono yenu sitaki kuiona juu ya kitanda hiki."

Bwana Mistari akavuta karatasi ndefu ya mashine, akaigeuza upande mweupe, akampa Dada pamoja na kalamu. Nadhani alimwonea huruma. Dada alikuwa amekaa na mkono wake ukiendelea kusukuma hewa, hajui, na mimi niliogopa kumwambia.

"Kila akivuta pumzi, weka kijistari kimoja," alimwambia. "Nitalinganisha na mashine. Leo siiamini mpaka niisahihishe na jicho la mtu."

Dada akaanza. Kijistari. Kijistari. Hakupepesa macho. Baada ya nusu saa Bwana Mistari akaja, akalinganisha, ikalingana pumzi kwa pumzi, hata zile mbili ambazo Mama alikohoa. Mstari wa njano sasa ulikuwa mbaya, wa kuparamia, wimbi moja kubwa, mawili madogo, mapengo. Sikuwa nimeuona tena tangu ile nane ya jana. Huo ndio ulikuwa wa Mama.

Daktari, ambaye hakuwa anatutazama usoni, aliagiza ile nyonga ipigwe picha, maana tulikuwa tumeitikisa siku mbili. Mama akahamishiwa kitanda cha magurudumu. Mashine ya kubeba haikuwa na chaji, kwa hiyo Sista akamwambia Kaka aende naye, macho kifuani, asiyatoe. "Umenielewa?" "Nimekuelewa, Sista." Dada aliambiwa abaki apumzike, maana usiku kucha hakuwa amelala. Mimi nikabaki kutandika kitanda. Tukasikia magurudumu yakipiga kelele korido nzima, yakageuka kona, yakapotea.

Nilikuwa nimempa Dada mgongo, nakunja shuka, nikasikia kalamu.

Nikadhani anachora tu. Nikageuka. Alikuwa kwenye kiti kile kile, karatasi gotini, macho juu ya godoro tupu, pale ambapo kifua cha Mama kingekuwa. Kijistari. Akangoja. Kijistari. Akangoja zaidi. Vijistari viwili vya haraka.

"Dada. Mama hayupo hapo."

"Najua."

"Sasa unahesabu nini?"

"Nyamaza, utanipoteza."

Nikamwangalia bibi wa dirishani, kana kwamba angeniona. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, ameelekeza sikio kwenye ile kalamu, na mdomo wake umefunguka kidogo. Nikarudi kwenye shuka. Nikajitahidi kusema kitu, mimi, Redio, habari za mpangaji mwenye suti, chochote, ila hakikutoka. Nikajikuta naifuata ile kalamu kwa masikio. Kijistari, kimya. Kijistari, kimya kirefu. Kijistari.

Kalamu ikasimama.

Nilisubiri. Nikaona kidole cha Dada kimebana kalamu hadi ukucha umekuwa mweupe, ncha iko juu ya karatasi, haishuki. Akainua macho yake kutoka kwenye godoro akanitazama.

"Kimbia," bibi akasema.

Nilikimbia. Viatu nilivitupa kwenye ngazi. Kule chini kwenye foleni ya picha palikuwa na benchi la watu, na mbele ya mlango mwekundu kitanda cha magurudumu, na Kaka kaegemea ukuta anamweleza mbeba wagonjwa jinsi tairi la nyuma linavyoweza kukuua kwenye mteremko. Mama alikuwa ameangusha kidevu kifuani, kajifunika vizuri, uso umetulia.

"Shii," Kaka akaniwekea kidole mdomoni. "Kapata usingizi jamani, mwache."

Nilimrukia Mama. Nikamvuta kidevu juu kama nilivyomwona Sista akifanya, nikamsugua mfupa wa kifua kwa ngumi, nikamlilia jina lake lenyewe, siyo Mama, jina lake la kuzaliwa, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi stoo ya mitungi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya, na midomo ile ya majivu. Mara ya tatu akavuta hewa, akaivuta kama mtu anayetoka chini ya maji, akanishika mkono kwa kucha zake zote. Mtu wa picha akafungua mlango, akaona, akaita. Sista alifika na sindano ya pili mkononi. Walimzunguka, wakanisogeza nyuma, na nikasikia Mama akiwatukana mmoja mmoja, na sijasikia kitu kitamu zaidi ya matusi yale.

"Dakika moja zaidi," Sista akaniambia, jasho likimtiririka. "Nani amekuambia ushuke?"



Walimpeleka chumba cha uangalizi, kwenye mashine nyingine na nesi wa peke yake, akawekwa kile kitu cha puani, safari hii wakamfunga mikono kwa bandeji laini asikivue. Pumzi kumi na moja, kumi na mbili, za kwake. Daktari akasema hatari imepita, wataangalia hadi kesho. Kaka alikaa chini sakafuni nje ya mlango wa kioo akalia kama mtoto. Nikamwacha hapo, nikapanda ngazi nikamwambie Dada.

Hakuwa ameondoka kwenye kiti. Kitanda kilikuwa tupu, nusu kimetandikwa, shuka nililoliacha likining'inia sakafuni. Bibi alikuwa amelala chali, mikono kifuani, anasikiliza. Kwenye karatasi gotini kwa Dada vijistari vilikuwa vimepangana safu kwa safu, kisha pengo tupu la upana wa vidole vitatu, kisha vijistari tena, vile vya kwanza baada ya pengo vimekandamizwa hadi kalamu imetoboa karatasi.

Kalamu ilikuwa inakwenda. Kijistari, kimya, kijistari. Sawa sawa, bila haraka.

"Dada," nikasema, "Mama yuko..."

"Sogea," akaniambia, bila kuinua macho. "Umenizibia mwanga."